Nguzo nne, miongozo na kesi, au mazoezi ya mdomo: njia ipi ikufae kwa maswali ya maadili katika usaili wa udaktari Uingereza

Anayeomba kusomea udaktari nchini Uingereza huruhusiwa kuchagua vyuo vinne tu vya fani hiyo, na maombi yake sharti yawe yamefika UCAS, chombo kinachopokea maombi ya kujiunga na vyuo vikuu, ifikapo tarehe 15 Oktoba ya mwaka unaotangulia masomo. Baada ya hapo husubiri kuitwa kwenye usaili, na wengi husailiwa katika miezi ya baridi, kabla Machi haijaisha. Kwa wazazi waliosoma Tanzania au Kenya hatua hii huwa ngeni, kwa sababu huko nafasi ya shahada ya udaktari kwa kawaida hutolewa kwa kutazama ufaulu wa mtihani wa mwisho wa sekondari, na si desturi kumwita kijana wa miaka kumi na minane chumbani na kumuuliza angefanya nini endapo mgonjwa angekataa kuongezewa damu. Kwa hiyo familia nyingi zinazozungumza Kiswahili nchini Uingereza humsaidia mtoto kwa kila kitu, kuanzia kemia hadi nauli ya treni, kisha humwachia maswali ya maadili apambane nayo peke yake akiwa na simu yake.

Akitafuta msaada atakuta njia tatu kubwa. Ya kwanza ni kujifunza nguzo nne za maadili ya tiba na kuzitumia kama ngazi ya kupandia kila swali. Ya pili ni kusoma miongozo ya Baraza Kuu la Udaktari la Uingereza, lifahamikalo kama GMC, pamoja na sheria na kesi chache zilizoijenga. Ya tatu ni kufanya mazoezi ya mdomo, mbele ya mtu, kwa saa inayohesabu. Nimewasikiliza vijana wa ndugu na majirani wakijiandaa kwa misimu kadhaa, na ninaandika ulinganisho huu nikiwa na upendeleo ambao sitauficha: njia inayopendwa zaidi ndiyo dhaifu kuliko zote ikiachwa peke yake.

Swali moja, watu watatu

Chukua swali ambalo huulizwa kwa sura nyingi. Wewe ni daktari, na mgonjwa wako, fundi bomba wa miaka 40, amegunduliwa kuwa na kifafa. Umemweleza kwamba haruhusiwi kuendesha gari. Wiki mbili baadaye unamwona akitoka kwenye maegesho ya duka, yeye mwenyewe ameshika usukani. Utafanya nini?

Aliyejifunza nguzo nne atajibu kwa mpangilio wa kupendeza. Atataja uhuru wa mgonjwa kujiamulia mambo yake, wajibu wa kumtendea mema, wajibu wa kutomdhuru, na haki kwa jamii inayotumia barabara ile ile. Kila nguzo ataieleza kwa sentensi mbili, na hakuna hata moja itakayokuwa na kosa. Tatizo ni kwamba dakika ya tatu itamkuta bado hajasema atafanya nini, kwa sababu nguzo mbili zinamvuta huku na mbili zinamvuta kule, na hakuna aliyemfundisha namna ya kuzipima zinapogongana.

Aliyesoma miongozo atakuwa na jibu lenye mwisho. Anajua kwamba wajibu wa kisheria wa kuiarifu DVLA, mamlaka ya leseni za udereva, ni wa dereva mwenyewe. Kwamba mwenye kifafa kwa kawaida hutakiwa akae miezi 12 bila kuanguka kabla ya kurudishiwa leseni ya gari dogo. Na kwamba daktari aliyejaribu kumshawishi mgonjwa akashindwa anaruhusiwa kuvunja siri na kuiarifu mamlaka hiyo, ili mradi amemjulisha mgonjwa kwamba anakusudia kufanya hivyo. Hilo ni jibu la mtu anayejua anachosema. Hata hivyo, nimelisikia likitolewa kwa sauti ya askari wa barabarani, kana kwamba yule fundi hana watoto wanaokula kwa sababu ya gari lile lenye vifaa vyake vya kazi.

Aliyefanya mazoezi ya mdomo huanza na mtu. Atasema kwamba kwanza angempigia simu amwite, amuulize kama yale maelezo ya wiki mbili zilizopita aliyaelewa, kwa maana mtu aliyeambiwa ana kifafa asubuhi hiyo huenda hakusikia neno jingine lolote baada ya hilo. Angetaka kujua kazi yake itaendaje, kama kuna mwenzake wa kumwendesha, kama mwajiri amearifiwa. Msaili hapo huanza kuandika. Kisha msaili atauliza, "Na akikataa kabisa?", na ikiwa kijana huyu hakusoma chochote, ataduwaa.

Nguzo nne: hujifunzwa usiku mmoja

Nguzo hizi zilipata umaarufu kutokana na kazi ya Wamarekani wawili, Tom Beauchamp na James Childress, waliozichapisha mwaka 1979. Faida yake haibishaniwi. Zinajifunzwa kwa usiku mmoja, hazina gharama, na humwokoa mwenye hofu asije akaanza jibu kwa kubabaika. Kwa aliyeitwa kwenye usaili utakaofanyika keshokutwa, sina njia nyingine ya kumpendekezea.

Zaidi ya hapo thamani yake hupungua haraka, na sababu si kwamba ni za uongo bali kwamba kila mtu anazo. Msaili anayewasikiliza watahiniwa arobaini kwa siku huzisikia mara arobaini, kwa mpangilio ule ule, zimekaririwa kama kasuku, na ni vigumu kwake kutofautisha aliyefikiri na aliyekariri.

Kwetu kuna ugumu wa ziada ambao sijaona ukitajwa. Nguzo ya kwanza, ya mgonjwa kujiamulia, kwa Kiswahili haina harufu nzuri. Mtoto anayejiamulia mambo, nyumbani kwetu, ni mtoto aliyekosa adabu. Mgonjwa mwema ni yule anayesikiliza wakubwa, na uamuzi wa upasuaji hukaliwa kikao. Kijana aliyelelewa hivyo anaweza kuitamka nguzo hiyo kwa Kiingereza safi bila kuiamini hata kidogo, na jambo hilo hujitokeza mara tu swali linapogeuzwa kidogo. Ndiyo maana kwa vijana wetu naiona njia hii kuwa ya kuanzia tu.

Miongozo na kesi: hapa ndipo penye kina

GMC hutoa miongozo yake bure mtandaoni. Ule mkuu, unaoeleza mwenendo unaotarajiwa kwa daktari, ulianza kutumika kwa toleo jipya tarehe 30 Januari 2024, na ule wa ridhaa na uamuzi ni wa mwaka 2020. Lugha yake ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani, na wikendi mbili zinatosha kwa mtu mwenye nia.

Kesi zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu kuijua kesi nusu ni hatari kuliko kutoijua kabisa. Mfano ulio maarufu ni kesi ya Gillick, iliyoamuliwa mwaka 1985 na Baraza la Malordi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo. Mama mmoja alipinga waraka wa serikali ulioruhusu madaktari kuwapa wasichana walio chini ya miaka 16 ushauri na dawa za kuzuia mimba bila wazazi kuarifiwa, naye akashindwa kwa tofauti ya kura moja, majaji watatu dhidi ya wawili. Tangu hapo, mtoto wa chini ya miaka 16 mwenye ufahamu wa kutosha wa matibabu anayopewa anaweza kuyaridhia mwenyewe. Hapo ndipo wengi husimama, na hapo ndipo msaili mzoefu hutega mtego: "Je, mtoto huyo huyo anaweza kukataa matibabu ya kuokoa maisha yake?" Aliyesoma nusu atasema ndiyo, kwa kuwa mwenye uwezo wa kukubali ana uwezo wa kukataa. Mahakama za Uingereza hazikufuata mantiki hiyo. Katika kesi za miaka ya 1991 na 1992 zilishikilia kwamba kukataa kwa aliye chini ya miaka 18 kunaweza kutenguliwa kwa manufaa yake. Kuna mtego mwingine pia, kwamba msichana wa miaka 12 si sawa na wa miaka 15, kwa sababu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 2003 haimtambui aliye chini ya miaka 13 kuwa na uwezo wa kuridhia tendo la ndoa, na daktari hapo hufikiria ulinzi wa mtoto kabla ya jambo jingine lolote.

Kesi ya pili ninayomshauri kila mtu aijue vizuri ni ya Montgomery, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2015. Mama mwenye kisukari, tena mwenye umbo dogo, hakuambiwa kwamba alikuwa na uwezekano wa asilimia 9 hadi 10 wa mabega ya mtoto kukwama wakati wa kujifungua. Yalikwama, na mtoto akapata ulemavu mkubwa. Kabla ya hapo, kipimo kilikuwa kile ambacho madaktari wengine wangeona kinafaa kusemwa. Baada ya hapo, daktari hulazimika kueleza hatari ambayo mgonjwa huyu, katika hali yake, angeiona kuwa na uzito. Ukiielewa kesi hii, ile nguzo ya kujiamulia inapata mwili: unaona mwanamke kitandani, si neno kwenye orodha.

Kuna maswali ambayo bila njia hii ya pili utayakosea kwa hakika. Ukeketaji ni mojawapo, na msailiwa mwenye asili ya Afrika Mashariki hapaswi kushtuka akiulizwa. Aliyejifunza nguzo ataanza kupima utamaduni upande huu na madhara upande ule, ilhali huko England na Wales, tangu tarehe 31 Oktoba 2015, daktari au mwalimu aliyeambiwa na msichana wa chini ya miaka 18 kwamba amekeketwa, au daktari aliyeona dalili zake mwilini, ana wajibu wa kisheria wa kuripoti polisi. Hakuna cha kupima hapo. Kinachobaki ni namna ya kuongea na msichana yule na mama yake.

Swali la utoaji mimba nalo huwatia hofu vijana wa Kiislamu na wa Kikristo, wakidhani wanatakiwa waikane imani yao ili wapate nafasi. Sheria ya mwaka 1967, inayotumika England, Wales na Scotland, inamruhusu daktari kutoshiriki kwa sababu ya dhamiri, isipokuwa pale ambapo ni lazima ili kuokoa maisha ya mama au kuzuia madhara makubwa ya kudumu. Na GMC inamtaka amjulishe mgonjwa haki yake ya kumwona daktari mwingine, bila kumhukumu. Kijana aliyesoma hayo husema msimamo wake kwa utulivu, na wasaili humheshimu.

Upungufu wa njia hii ni kwamba humfanya mtu apende kujionyesha. Kutaja jina la kesi kabla ya kumtaja mgonjwa ni kosa ambalo nimelisikia mara nyingi, na hakuna anayewatarajia wanafunzi wa sekondari wawe mawakili.

Mazoezi ya mdomo, yakionekana kwa karibu

Nitaeleza kikao kimoja. Mezani palikuwa na simu iliyowekwa saa ya dakika saba, chai iliyopoa, na karatasi yenye swali: mama wa miaka 72 ana saratani, mwanawe wa kiume anakusimamisha kwenye korido na kukuomba usimwambie. Mimi niliigiza yule mwana. Mpwa wangu, msichana hodari mwenye alama za juu, ndiye aliyekuwa daktari.

Nilimwambia, "Daktari, nakuomba sana, mama asiambiwe. Moyo wake hautaweza."

Akanijibu, "Sawa, mjomba. Pole sana." Kisha akanyamaza, na saa bado ilikuwa na dakika sita.

Hakuwa mjinga wala hakukosa kusoma. Nguzo alizijua, na mwongozo alikuwa ameusoma, ule usemao kwamba mgonjwa hafichwi habari kwa sababu tu jamaa wameomba, na kwamba kuhofia kuwa atahuzunika hakutoshi kuwa sababu. Lakini aliposimama mbele ya mtu mzima anayemwomba kwa unyonge, malezi yalimtangulia. Tulirudia mara nne. Mara ya nne alisema, "Naona unavyompenda mama, na wewe ndiye unayemjua kuliko mimi. Niambie, unaogopa nini hasa kitatokea akijua?" Nikajieleza. Akaendelea, "Sitamwendea na habari hii ghafla. Nitamuuliza kwanza yeye mwenyewe angependa kujua kiasi gani, na kama angependa uwepo. Lakini akiniuliza, siwezi kumdanganya." Katika maneno hayo yote hakutaja nguzo wala kifungu, na yote mawili yalikuwemo. Lile swali la mama angependa kujua kiasi gani lina uzito wa pekee, kwa sababu linampa nafasi mgonjwa anayetaka kweli kwamba mwanawe ndiye aambiwe; huo nao ni uamuzi wake, mradi ametamka mwenyewe.

Hapa vijana wetu wana mtaji ambao wengi wao hawautumii. Aliyewahi kumtafsiria bibi yake kwa daktari, akiwa na miaka kumi na miwili, akakwama kwenye neno linalohusu sehemu za siri, au akapunguza ukali wa habari kwa huruma, anajua kwa nini hospitali hutakiwa kuleta mkalimani badala ya kumtumia mtoto. Akilisimulia hilo kwa sentensi tatu, jibu lake kuhusu ridhaa halitafanana na la mtu mwingine.

Udhaifu wa mazoezi ni mwenzako. Ukifanya na rafiki ambaye naye anaomba udaktari, mtasifiana. Ukifanya na mzazi, mtagombana dakika ya pili. Anayefaa ni mtu mzima asiyekuogopa na asiyekuonea, ambaye atakukatiza kwa "Na je, kama…?" Kazi yake haihitaji ajue tiba. Kuhusu kozi za kulipia za siku moja au mbili, sina mengi ya kusema: kinachouzwa humo kwa sehemu kubwa ni haya haya mazoezi ya mdomo, na mwenye shangazi mkali anaweza kubaki na fedha zake.

Kuchagua kwa kutazama aina ya usaili

Uamuzi wako utegemee barua ya mwaliko, si ushauri wa jumla. Vyuo vingi vya udaktari Uingereza sasa hutumia usaili wa vituo, ujulikanao kwa kifupi kama MMI, ambao ulibuniwa katika Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada mwanzoni mwa miaka ya 2000. Msailiwa hupita kituo baada ya kituo, kila kimoja kwa takribani dakika tano hadi nane, na kila kituo kina msaili wake anayetoa alama bila kujua ulivyofanya kwingine. Baadhi ya vituo huwa na mwigizaji anayejifanya mgonjwa mwenye hasira au jamaa anayelia. Hapa mazoezi ya mdomo ndiyo yaongoze, kwa sababu muda ni mfupi na kitu kinachopimwa ni unavyomtendea mtu aliye mbele yako. Kati ya kila saa tatu ulizo nazo, mbili ziende kwenye mazoezi na moja kwenye miongozo.

Oxford na Cambridge hufanya tofauti. Huko unakaa na wahadhiri wawili au zaidi kwa muda mrefu, na swali la maadili likiulizwa halifungwi kwa kengele bali hubadilishwa mbele yako: fundi bomba anakuwa dereva wa basi la shule, kisha anakuwa rubani, kisha anakuwa mtu aliyepona kabisa. Wanataka kuona fikra zako zikisogea ushahidi unaposogea. Hapa kusoma kesi kunalipa zaidi, kwa sababu ndani ya kesi ndimo unamozoea kuuliza ni jambo gani hasa lililobadilisha uamuzi. Na mazoezi yako yawe ya kubishana, yasiwe ya kuigiza.

Aliyeitwa na vyuo vya aina zote mbili aanze na kusoma, kwa kuwa huko ndiko kunakochukua muda, kisha ahamie kwenye mazoezi wiki mbili kabla ya usaili wa kwanza wa vituo. Nguzo nne azipitie mwanzoni kabisa, mara moja, na baadaye azitumie kama mpishi anavyotupa jicho kwenye rafu kuona kama amesahau kiungo: nimemfikiria mgonjwa na matakwa yake, nimefikiria madhara, nimefikiria wengine wanaoguswa? Ikiwa wengine wamesahaulika, awaongeze kwa sentensi moja kabla kengele haijalia.